Semina Bandani

Ukifika Nshamba ukaulizia nyumba ya Nshomile, yaani msomi, hakuna atakayekuuliza yupi. Wahaya wanasifika kwa kujisifia shule, na Protase Rwegasira alijisifia kwa niaba ya kata nzima.

Mwaka huu alifuga kuku wa nyama kwa ajili ya siku moja tu, ya wakwe kuja kumchumbia binti yake Annastella. Mkewe, Benigna, alishatamba mpaka jumuiyani kwamba wageni watakula kuku, si maharage.

Protase afuge kienyeji? Thubutu! Alikwenda semina Bukoba, akarudi na neno lililomlewesha kuliko rubisi: homoni. Kuku akiishi kwa hofu, alisema, mwili humwaga homoni ya msongo. Ikizidi damuni, chakula hakijengi nyama, kinga inashuka, hata chanjo haishiki sawasawa. Kweli tupu. Tatizo ni mahali alipoisemea.

Kila mgeni aliburutwa bandani. Akija katekista, semina. Akija mnunuzi wa kahawa, semina. Protase alinyakua kuku, akamning'iniza kichwa chini, akafoka: "Huyu, waitu, hatakiwi kushtuliwa!" Kuku wenzake wakarundikana pembeni wakikanyagana, midomo wazi. Na siku ya chanjo ya mdondo ndiyo aliyoleta kikundi kizima cha wafugaji, pamoja na kipaza sauti cha kwaya.

"Baba Anna, waache wapumue," Benigna alimsihi.

"Kwani wewe umesoma homoni?"

Haya. Mdondo ukapita. Kuku wa jirani, waliochanjwa dawa ileile, walisalimika. Wa msomi walipinda shingo wakafa, na wachache waliobaki walilingana na njiwa. Benigna alilia jikoni kwa hasira.

Wakwe wakafika, wakakuta ndizi na maharage. Benigna akaandaa meza kwa aibu. Baba mkwe akafunua bakuli, akachungulia, akafunika.

"Tulisikia kuna kuku," akasema kwa upole.

Protase akainuka, akafunga kifungo cha koti, akakohoa. "Ndugu wageni, kitaalamu, homoni ya msongo..."

"Kaa chini!" Benigna hakuwahi kumkatiza mumewe mbele za watu, lakini leo yalimfika hapa. "Kuku walikusikiliza, wakafa. Waache wageni wale."

Protase akakaa. Baba mkwe akafunua tena bakuli, akajipakulia maharage.