Mzee wa Maji Bila Punda Wake

Nisiseme uongo, mzee aliyetuletea maji nilimjua. Miaka miwili, kila asubuhi, alifika nyumba za walimu pale Garissa na punda wake aliyebeba madebe ya maji ya mto Tana. Tulitaniana sana. Alikuwa akinicheka kwamba sisi watu wa Kenya, alivyotuita walimu tuliotoka bara, tunaoga kama bata.

Siku ya msako, mkewe alinijia shuleni akihema, punda nyuma yake. Askari walikuwa wamewakusanya wanaume wote wa mtaa uwanjani, eti wanawalisha mashifta, wale waasi wa porini. Aliyedhaminiwa na mfanyakazi wa serikali angeachiwa. Wengine wangepakiwa kwenye malori. Wanawake walizuiwa kukaribia. Nikamwambia, "Mama, tulia. Namleta."

Jamani, nilifika nikachanganyikiwa. Walikuwa wamechuchumaa, mikono kisogoni, nyuso chini. Aliyeinua kichwa alipigwa. Vilemba na bakora zao zilirundikwa kando. Kila mzee ana ndevu nyekundu za hina, kila mmoja amejifunga kikoi. Nilitafuta mtu mmoja, macho yakanionyesha umati. Afisa akakataza nisiite jina, kwa kuwa jina moja lingeinua nusu ya uwanja.

"Unamjua au humjui?" akaniuliza.

Namjua! Lakini nilimjua amesimama, mkono mgongoni mwa punda. Nilipita mistari mara mbili, jasho linanitoka, nikasita mbele ya mmoja mwenye kovu sikioni. Mzee wangu alikuwa na kovu? Sikumbuki. Hata leo sikumbuki, na najichukia kwa hilo. Afisa akatazama saa yake. Niliona aibu, nikanyoosha kidole.

Mzee akainuka, akanifuata kimya hadi barabarani, alikosimama yule mama. Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu, huyu si yeye."

Mzee akaanza kulia, akinishika mkono na kuniombea dua kwa Kisomali. Nikajinasua, nikarudi mbio. Malori yalikuwa yameshaondoka. Uwanjani zilibaki bakora tu, nazo sikujua ipi ni yake.

Nilirudi kwa yule mama mikono mitupu. Hakunitukana, na laiti angenitukana. Alikuwa ameshika kamba ya punda, akaniuliza polepole, kama mtu anayetaka kuelewa tu:

"Kwa nini hukwenda na punda? Punda anamjua."