Mzuka Wenye Sauti Yangu

Kwaku Dwumfour, mtoto wa dada yangu, alichukua kilio nilichomlilia binti yangu aliyekufa akakitia katika gemu ya kutisha watu. Hakuniomba. Aliniambia anarekodi kumbukumbu ya familia.

Binti yangu aliitwa Frempomaa. Alifariki akiwa na miaka kumi na tisa, homa ya siku tatu tu, hapa hapa mtaani kwetu Tafo. Na mimi kazi yangu ni kulia misibani. Usicheke. Wako wanaoshona nguo nyekundu na nyeusi, wako wanaokodisha mahema, na sisi tunalia. Shule sikuiona. Mama yangu alinifundisha kulia kabla hajanifundisha kutwanga fufu, na jambo la kwanza alilonifundisha ni hili: ukimwita marehemu kwa jina lake, nyamaza. Vuta pumzi tatu. Ule ukimya ni wake, ni nafasi yake ya kuitika. Mwingine hatii neno pale, hata kikohozi. Watoto huzibwa midomo. Anayeitika amejiweka mahali pa maiti.

Mwaka wa msiba ulipotimia nilikaa chumbani asubuhi ili nimlilie mwanangu. Dwumfour akaweka simu mezani.

"Mama, lia kama mimi sipo."

Ananiita mama kwa sababu kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako wa tumboni. Nililia. Nilimwita Frempomaa mpaka koo likakauka, na kila mara nikamwachia ukimya wake.

Miezi ikapita. Jumamosi moja nilialikwa kwenye msiba wa fundi cherehani mmoja, mtaa wa Asokwa. Nilisimama, nikamwita marehemu, nikanyamaza. Nyuma kule wasichana watatu wakapiga yowe, wakaangusha viti, wakatoka mbio. Mmoja nilimsikia kabisa: "Ni yule! Usiitike! Ukiitika umekwisha!" Mjane aliniangalia kama mtu aliyeingiza nyoka ndani ya nyumba. Wiki ile familia mbili zilinitumia salamu kwamba zimepata mliaji mwingine.

Rafiki yangu Birago, anayekodisha viti, ndiye aliyeniambia. "Dufie, sauti yako iko kwenye mashine za vijana. Twende ukajisikie mwenyewe."

Tulikwenda alasiri. Chumba kiko nyuma ya duka la betri, kimezibwa mapazia mazito, kina kompyuta sita na feni moja. Mwenyewe ni Bismark, mtu mzima mwenye kitambi.

"Mama zangu, hapa hatuuzi dawa ya macho."

"Hatuumwi macho," Birago akamjibu. "Mwekee huyu gemu ya mzuka. Na wewe punguza mdomo."

"Ya mzuka? Haya. Keti, mama, tuone utakavyokufa."

Akanivisha vile vya masikioni, na kipaza sauti kidogo kikaja mdomoni. Akaniambia tuko wachezaji watano, kila mmoja kwenye mashine yake, huku na huko. Tumo ndani ya nyumba isiyo na taa, tunatafuta ufunguo wa lango. Mzuka unasikia kila tunachosema.

Nilitarajia damu. Hakuna damu. Kuna ua kama ua wowote wa kwetu: milango imepangwa, sufuria limefunikwa, kanga nyeusi imeanikwa kwenye kamba. Unatembea. Hakuna kinachotokea. Ukishapita kamba ile, ukigeuka unakuta ile kanga haipo. Hakuna aliyeichukua mbele ya macho yako. Unaanza kuhesabu milango.

Wenzangu walikuwa wakitaniana.

"Wee mzuka, njoo na kenkey!" alisema mmoja, aliyejitaja kuwa wa mji wa Tema.

"Na samaki!" akadakia mwingine. "Usije mikono mitupu, bibi, sisi ni wageni!"

Wakacheka. Kisha wakacheka kidogo. Kisha yule wa Tema akasema, "Jamani, nani yuko nyuma yangu?"

Hapo nikajisikia. Sauti yangu, nyuma ya sikio langu la kushoto, karibu kiasi cha kuhisi pumzi.

"Frempomaa."

Pumzi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Katika muda ule hakuna kilichosogea, hata feni sikuisikia. Nikaelewa kinachowatoa jasho. Anayekuchukia unamkimbia, miguu inajua yenyewe. Lakini huyu anakuita kwa mapenzi, kama mama anayekuita ukale, chakula kinapoa, kisha ananyamaza akusubiri. Mwili wote unataka kuitika. Ukitoa sauti katika ukimya ule, umekamatwa.

"Frempomaa."

Kimya. Yule wa Tema alikuwa akihema.

"Frempomaa."

Basi msichana mmoja, sikujua wa wapi, akasema kwa sauti ndogo, "Naam, mama. Niko hapa."

Pengine alikuwa anatania. Pengine ilimtoka tu. Tangu tulipomzika mwanangu hakuna aliyewahi kuitika, na kwa kitambo cha kufumba jicho nilikuwa na mtoto. Sikujua kama nimefungua mdomo.

"Wewe ni nani?" nilisema.

Sauti ile ile. Yangu na ya mzuka ni moja.

"Imeongea!"

"Haisemi hivyo! Nimecheza mara hamsini, haijawahi kusema hivyo!"

"Toka! Zima! Zima!"

"Hilo jina ni la mwanangu," nikawaambia. "Yuko kaburini. Wewe binti, usiitike mahali pake, unanisikia? Usirudie."

Msichana alikuwa akilia. Wakatoweka mmoja baada ya mwingine, nikabaki peke yangu katika ua ule. Bismark alikuwa amesogeza kiti chake mpaka ukutani.

Kilio kile kilirekodiwa na simu moja tu, basi nikamshtaki Dwumfour kwa Mzee Apraku, mkuu wa ukoo wetu. Kijana alikuja amevaa viatu vipya, anang'aa.

"Mama, umeona? Mmoja wao alirekodi ulivyowajibu. Watu wanamiminika! Wanakaa humo mchana kutwa wakisubiri uongee tena."

"Toa jina la mwanangu."

"Mama, jina ndiyo gemu yenyewe. Kwanza niliweka vicheko, milango inayolia, vilio vya kununua. Walipiga miayo. Na hawaogopi hata sauti yako, wanaogopa pale unaponyamaza."

"Pale nanyamaza kwa ajili ya nani, Dwumfour?"

Akatazama viatu vyake.

"Alikuwa dada yako. Alikubeba mgongoni."

"Nikilitoa hawatarudi, mama," akasema polepole.

Mzee Apraku akakohoa. Akasema mama hawezi kumshtaki mwanawe kwa kuchukua kitu cha nyumbani. Dwumfour alikuwa amekuja na chupa ya shinapsi, pombe kali ya kuomba radhi, na mzee akaifungua haraka, akanimiminia. Kwetu aliyekosewa akinywa, shauri limekufa. Hawezi tena kulifufua, hata kupitia watoto wake.

"Kunywa, Dufie. Tusiaibishane kwa sababu ya mchezo."

Wote wawili walikuwa wakiutazama mkono wangu. Niliiinua glasi, nikainusa, nikairudisha mezani imejaa. Nikatoka.

Wanasema nina kichwa kigumu. Kila siku, mahali nisipopajua, mtu anamwita binti yangu kwa koo langu, na wageni wanaziba midomo wasije wakawa yeye. Sikunywa, kwa hiyo shauri liko hai. Dwumfour namdai jina la Frempomaa, alitoe katika kinywa cha mzuka wake. Na Mzee Apraku namdai hukumu, kwa maana chupa nasikia aliimaliza, na kati yetu hajaamua.