Turubai Juu ya Nyumba ya Mama

Mwaka ule wakimbizi walipojaa kambi ya Benaco, jirani na kijiji chetu, paa la nyasi la nyumba ya mama lilianza kuvuja, nami nikajitia fundi. Nyasi za kuezekea hazikuwepo tena. Kilima tulikokuwa tukizikata kila kiangazi kilibaki kipara, maana wale watu nao walihitaji pa kulala. Basi nikanunua sokoni turubai la wakimbizi lililotoka kambini, nikalitandaza juu ya nyasi kuukuu na kulipigilia misumari. Kila msumari ulifungua tundu jipya! Nikaing'oa yote, nikairudishia na vipande vya ndala chini ya vichwa, nikashuka nikijisifu.

Asubuhi mama alipowasha moto, moshi uliozoea kupenya kwenye nyasi ulikosa pa kutokea. Alitoka nje akikohoa, macho mekundu.

"Mwanangu, umenifukiza kama nyuki!"

Nilipanda kwa hasira, nikalichana turubai katikati. Jioni mvua ikaingia palepale, ikazima moto.

Kesho yake tukiwa uani tunaanika mablanketi, mpita njia alimwamkia mama shikamoo. Akalitazama paa, kisha akamuuliza kwa upole alikimbia kutoka wapi.

Baba amezikwa kwenye migomba nyuma ya nyumba ile. Mama alinitazama mimi.