Majani Niliyomlazia Bibi

Mwanzo wa habari hii nimeuandika mara kumi na moja na kuufuta. Huo ndio ugonjwa wangu, na ndio uliomwondoa bibi kwake. Kwa hiyo safari hii naacha sentensi zikae zilivyokuja.

Hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa jirani, mjane wa miaka sabini na kitu, nyumba yake iko juu ya kwetu, kwenye mlima upande wa Litembo. Mimi nilikuwa na ishirini na tatu. Shule nimeishia kidato cha pili, na ninachojua zaidi ya hapo nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa simu. Vijana wenzangu walinicheka kwa sababu napiga pasi shati la kwendea shambani. Yeye pia alinicheka, ila akishacheka ananisogezea kigoda na kunimiminia chai.

Kwetu mtu wa umri wa bibi humtania kijana kwamba ni mumewe. Nilipomwamkia, hakuitikia hata siku moja.

"Shikamoo, Bibi."

"Shikamoo ya nini? Unanizeesha mbele za watu. Mwanamume mzima unamwamkia mkeo?"

"Basi, mke wangu, umepika nini?"

"Umeleta nini nipike?"

Tulisalimiana hivyo miaka minne. Nilimsomea hadithi ninazoandika kwenye daftari, na zikiwa ndefu alisinzia, halafu akaniambia wazi kwamba amesinzia. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuzisikia.

Mwanawe aliyebaki hai ana duka huko ziwani, karibu na Mbamba Bay. Kila Krismasi alikuja kumbembeleza mama yake ahamie kwake, na kila Krismasi alirudi peke yake. Mwaka ule alichoka kubembeleza. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda changu.

"Mama, nakupa msimu mmoja. Ukivuna maharage yako mwenyewe, sikusumbui tena. Yakikushinda, nakuja na gari."

Akakubali. Mwanawe alipoondoka, akaniambia huku akichambua mbegu, "Kule nitakufa kwa joto, mume wangu. Na ule ugali wao wa muhogo. Halafu nizikwe kwenye mchanga, mzee wangu abaki peke yake huku?" Kaburi la mumewe liko nyuma ya jiko lake, penye migomba.

Sisi tunalima ngoro, mashimo ya mraba mlima mzima, ili maji ya mvua yatulie humo badala ya kushuka na udongo. Mwanamume anafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana. Mwanamke anafuata na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani, na maharage yanakaa juu ya matuta hayo. Kulaza majani mtu hufundishwa na baba yake. Baba yangu alikufa nikiwa na miaka sita. Shamba la kwetu walilaza baba zangu wadogo, mimi nilifyeka tu.

"Utanilazia?" aliniuliza.

"Nitakulazia."

Sikumwambia kwamba sijawahi kulaza hata mraba mmoja. Baba zangu wadogo walikuwa ng'ambo ya bonde, nawasikia wakiitana. Ningevuka nikawauliza. Niliona aibu, nikaingia kwenye simu.

Niliazima uzi wa fundi mwashi, nikachonga vigingi, nikapima. Mstari wa kwanza niliufuatisha na njia ya miguu inayopita pembeni ya shamba, kwa sababu njia ile imenyooka. Kila mstari ukipinda kidogo, niliung'oa wote na kuanza upya. Kazi ya siku tatu nikaifanya kwa siku kumi na mbili. Wanaume waliopita waliniuliza, "Unajenga kanisa?" Siku ya mwisho nilipiga picha nikaiweka mtandaoni, watu nisiowajua wakaisifu. Naona haya kuandika jinsi nilivyofurahi.

Bibi alikuja na jembe lake. Akasimama chini ya shamba, akatazama juu muda mrefu.

"Mume wangu, mistari yako mizuri kama ya daftari. Ila imelala upande. Maji yatakwenda kona moja."

"Bibi, nimepima."

"Mzee wangu alikuwa anafuata mlima. Unapinda, na yeye anapinda."

"Hizo ni za zamani. Nimepima kwa uzi."

Alinitazama. Ningetaka kusema kwamba hakujua, lakini alijua. Amechimba ngoro tangu akiwa binti. Niliona mdomo wake ukitaka kusema jambo, kisha akalimeza.

"Haya. Mwanaume ni wewe."

Akachimba siku tisa juu ya mistari yangu, mgongo umepinda, akipumzika kila baada ya shimo. Mbegu yote aliyokuwa nayo aliipanda.

Mvua kubwa ya Aprili ilinyesha siku mbili mfululizo. Maji yalijaa kwenye kona ya kila shimo, kona ileile, yakavunja tuta, yakaingia shimo la chini, nalo likavunja lake. Niliyatazama nikiwa mlangoni kwetu. Mashamba ya jirani zetu, yenye mistari iliyopinda, yalisimama. La bibi lilibaki na mfereji mwekundu kutoka juu hadi mtoni. Maharage yaliyobaki hayakujaza debe.

Mwanawe alikuja mwezi wa saba na gari. Akazunguka shamba, akarudi tulipokaa.

"Mama, nani amelaza majani haya?"

Nilikuwa pale, hatua tatu kutoka kwake. Nilifungua mdomo. Nilikuwa natafuta namna nzuri ya kulisema.

"Nilimpa mtu kibarua," akasema bibi. "Mpita njia."

"Unaona sasa? Mpita njia anakuharibia shamba zima na wewe unamtazama. Mama, huwezi tena."

Bibi hakunitazama. Mimi nikawasaidia kubeba masanduku, nikafunga kamba juu ya gari, nikaifunga vizuri mno.

Nilikaa miezi mitano bila kwenda. Nilikuwa naandaa maneno. Kisha nikapanda bodaboda hadi Mbinga, na basi hadi ziwani. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, kivulini mwa ukuta wa duka, anaanika dagaa. Amekonda. Mikono yake, iliyokuwa na udongo mwekundu kwenye kucha, ilikuwa safi kabisa. Maneno yote niliyoandaa yaliondoka, nikabaki na lile la kila siku.

"Shikamoo, Bibi."

Nikasubiri anigombeze. Hata watu walikuwepo wa kumwona akizeeshwa.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Hawajambo huko?"

"Hawajambo."

Akasogea kunipa nafasi kwenye mkeka, kama anavyosogea kwa mgeni yeyote, akaendelea kutandaza dagaa wake.