Rekodi Saba za Baba

Baba alikuwa dalali wa mifugo, na sauti yake ndiyo iliyotulisha. Angeweza kusimama upande mmoja wa soko akatangaza fahali, na mnunuzi wa upande wa pili akageuka. Daktari alipomwambia kwamba uvimbe wa kooni hauwezi kutolewa bila kutoa na kisanduku cha sauti, baba aliuliza swali moja tu: kama baadaye ataweza kula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Akaambiwa ataweza, pole pole. Akasema basi, wakate.

Aliyeshindwa kutulia ni mimi. Ninafundisha hesabu na kompyuta katika shule ya kutwa pale Kibwezi, na wiki zile nilikuwa naandika mlinganyo ubaoni, kisha nasahau nilitaka kuufanyia nini. Nikaona nimrekodi baba kabla hajakatwa. Kinasa sauti nilikiazima kwa rafiki yake wa tangu zamani, mzee wa Kisomali mwenye duka katika mji wa Salama. Walikuwa wamejuana kwenye minada ya mbuzi. Wikendi mbili nilikaa na baba nyumbani Kalamba, akaongea. Zilitoka rekodi saba. Ya kwanza ilikuwa habari ya jinsi alivyompata mama.

Jumapili asubuhi kompyuta yangu iliniomba ruhusa ya kusasisha kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa ambayo programu zote huitegemea kufikia diski. Nilikubali bila kufikiri, kama ninavyokubali kila mara. Ikazima, ikawaka. Mchana nikahamisha rekodi kutoka kwenye kadi ya kinasa sauti. Nikafungua ya kwanza, nikamsikia baba akikohoa na kuanza kusema, nikaridhika. Nikafuta kadi ili nirudishe kitu cha watu kikiwa safi, nikampa kinasa, kadi ikiwa ndani, jirani aliyekuwa anapitia Salama kesho yake.

Jumanne baba alifanyiwa upasuaji. Ulienda vizuri. Nilipoenda kumwona, alinishika mkono na kuubonyeza mara mbili, nami sikujua ananiambia nini.

Alhamisi, baada ya vipindi, nikafungua rekodi ya tatu. Baba aliongea kama dakika moja, kisha ukaja mlio kama wa mahindi yanayokaangwa, halafu kimya. Nikafungua ya nne. Ilikuwa vivyo hivyo. Nikarudi kwenye ya kwanza, ile niliyokuwa nimeionja. Nayo baada ya dakika moja ikageuka mahindi.

Nilisimama, nikaenda mlangoni, nikarudi. Nilianza kulaumu programu ya kuchezea sauti, nikajaribu nyingine mbili. Nikalaumu diski, lakini kipimo kikasema diski ni nzima. Nikapima na kumbukumbu ya kompyuta, kazi iliyochukua zaidi ya saa nzima, na wakati huo wote nilikuwa nazunguka uani nikianua nguo ambazo hazijakauka, kisha nikizianika tena. Kumbukumbu nayo haikuwa na shida.

Ndipo nikakumbuka mtihani wa kidato cha pili niliouandika Jumatatu. Nikaufungua, nikakuta nusu ukurasa wa alama zisizosomeka. Wa muhula uliopita ulikuwa salama. Nikapanga faili zote kwa tarehe, na mstari ukajichora wenyewe: kila kilichoandikwa kabla ya Jumapili kilikuwa kizima, na vingi vilivyoandikwa baadaye vilikuwa vimeharibika.

Kompyuta huweka kiini cha zamani hata baada ya kupewa kipya, na ikiwaka unaweza kuchagua. Nikanakili faili moja kubwa mara kumi nikitumia kiini kipya, kisha nikalinganisha nakala na faili yenyewe. Nne hazikufanana nayo. Nikawasha kwa kile cha zamani, nikarudia. Zote kumi zilifanana. Nilikuwa nimempata mwizi, lakini mali haikurudi, kwa sababu kilichoandikwa vibaya kimeandikwa vibaya, na kiini cha zamani hakiwezi kukumbuka kisichokijua.

Iliyobaki ilikuwa kadi. Kufuta kadi ni kama kung'oa kibao cha jina mlangoni. Waliomo ndani hubaki mpaka wapangaji wengine waingie. Na mzee wa Salama alikuwa na desturi ya kurekodi mawaidha ya Ijumaa msikitini. Nikampigia simu, hapatikani. Nikapiga tena na tena, mpaka nikaona haya kwa niaba ya simu yangu.

Ijumaa niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, na saa tatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mzee na kompyuta kifuani. Alikuwa anapanga vibuyu vya mafuta. Alianza kuniuliza hali ya baba, nami, kwa aibu yangu, nilimkatiza nikauliza kinasa sauti kiko wapi. Akakitoa chini ya kaunta. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Akanisikiliza, kisha akavuta kiti akakiweka nyuma yangu.

"Jumanne nilirekodi darsa la msikitini," akasema. "Karibu saa moja. Nimeandika juu ya sauti ya rafiki yangu?"

"Huenda, mzee. Lakini hukujua. Ni mimi niliyefuta."

Niliwasha kompyuta kwa kiini cha zamani, nikaifungua kadi kwa kusoma tu ili isiandikwe chochote, nikaanzisha programu ya kutafuta faili zilizofutwa. Asilimia zilipanda kwa uvivu. Mzee aliwahudumia wateja, akinitazama kila alipogeuka. Chai aliyoniletea ilipoa. Nilihesabu makopo ya rafu ya juu, nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

Zilipatikana sita, nzima kabisa. Ya kwanza ndiyo iliyokuwa imefunikwa na darsa. Tulifungua ya tano, baba akasikika akitaja bei ya ndama kwa sauti ile ya sokoni, na mzee akaegemea kaunta kwa mikono miwili. Tuliisikiliza mpaka ikaisha. Kisha akatoa ile kadi akanipa, akasema mawaidha ya leo atayasikiliza kwa masikio.

Wiki mbili baadaye baba alikuwa nyumbani Kalamba, na daftari na kalamu mezani. Nilimwambia ukweli, kwamba rekodi ya kwanza imebaki dakika moja tu. Nikamchezea. Sauti yake ikasema, "Siku niliyomwona mama yenu, nilikuwa nimepoteza mbuzi wawili," ikaendelea kidogo, ikakatika. Nilingoja akasirike. Mabega yake yakaanza kutikisika, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka.

Mama alikuwa mlangoni akipepeta kunde. Akaweka ungo chini.

"Washa hiyo mashine," akasema. "Mimi pia nilikuwako."

Aliketi karibu na baba akaanza. Alisema mbuzi alikuwa mmoja, na hakupotea, aliuzwa. Baba akagonga kikombe kwa kijiko. Mama akaendelea. Baba akagonga tena, mara mbili. Nilitaka kusimamisha rekodi ili wapatane kwanza, lakini mama alinizuia kwa mkono.

"Mwache agonge," akasema. "Nilikuwa nimevaa gauni la kijani."

Baba akavuta daftari, akaandika, *La buluu*, akapiga mstari chini yake, akamsogezea. Mama hakuwa na miwani. Akalisukuma daftari pembeni na kuendelea kusimulia.