Daftari la Namba ya Mwisho

Kila jioni, kabla ya kufunga dirisha la usajili, Peris Nasike alifanya jambo lililowachekesha wenzake. Aliandika kwenye daftari la shule namba ya mwisho aliyopewa mgonjwa siku hiyo. Kwa miaka kumi na tisa katika hospitali ile ndogo ya binafsi mjini Bungoma, hakuwahi kumpa mtu karatasi ya mwenzake. Hilo ndilo alilojivunia, maana mali hakuwa nayo. Na namba zenyewe hazikuwa mchezo: damu ilipimwa katika tawi la Kitale, na majibu yaliingia kwenye kompyuta kwa namba tu, bila jina, ili siri ya mgonjwa isitembee barabarani.

Ijumaa moja kulikuwa na matibabu ya bure huko mlimani. Watu mia sita walisajiliwa, damu yao ikapelekwa Kitale, na Peris akafunga daftari kwa 41,872. Jumamosi majina yao yakahamishiwa orodha ya Kitale na kufutwa Bungoma. Mmoja wao, bibi Jepchumba, alikufa usiku huohuo.

Jumapili akaja Gathogo, fundi wa kompyuta kutoka Kitale, kuhamishia rekodi kwenye mashine mpya. Peris alitoka kanisani moja kwa moja, akamfunulia daftari.

"Gathogo, na hii namba ya mwisho umebeba? Isikuje ikasahau mahali ilifika."

"Mama Viola, si nimebeba majina yote? Hii kitu inajua kuhesabu kuliko wewe, bana."

Majina aliyabeba kweli. Kumbukumbu ya mahali hesabu ilipofikia aliiacha kwenye mashine ya zamani, kisha akaifuta mashine hiyo. Ile mpya ikatazama namba kubwa kuliko zote zilizobaki, 41,272, ikaendelea kutoka hapo, utadhani wale mia sita hawakuwahi kuzaliwa.

Jumatatu mgonjwa wa kwanza akapewa 41,273. Peris akashtuka, akampigia Gathogo. "Endelea tu, iko sawa," akaambiwa. Foleni ilikuwa imefika getini na meneja anamkodolea macho. Akaendelea. Hapo ndipo anapojilaumu hadi leo. Kwao Bumula jina la marehemu hupewa mtoto, ndiyo, lakini wazee huketi kwanza wakaulizana. Ile mashine haikumuuliza mtu.

Wa tatu alikuwa Wangila, mkulima wa Matulo, aliyekuja kwa kuishiwa nguvu. Alipewa namba iliyokuwa ya Jepchumba. Jioni Peris akachapisha majibu yaliyokuwa chini ya namba hiyo, akayatia kwenye faili lake: sukari ya kutisha. Ilikuwa sukari ya bibi. Muuguzi akamdunga Wangila dawa ya kuishusha. Alizimia siku tatu, na alipoamka hakumtambua mkewe.

Jumanne asubuhi, habari za Wangila zikiwa zimefika Kitale, Gathogo alirudi akitokwa na jasho.

"Mama Viola, nisaidie hiyo daftari. Bila hiyo sijui nianzishe wapi."

Peris alilishika kwa mikono miwili. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe isiyo na kamera, na hakuna kingine duniani kilichoonyesha kwamba alisema mapema. Akatazama dirishani. Akina mama wajawazito walikuwa wameanza kupanga foleni, na kila mmoja angepewa namba ya mtu mwingine.

"Utanirudishia?"

"Leo leo. Na nitakusemea."

Akampa.

Ijumaa aliitwa mbele ya kamati. Ripoti ya fundi ilisema karani alichanganya majibu ya wagonjwa wawili. Peris akamgeukia Gathogo, akamwomba alete daftari.

"Daftari gani?" Gathogo akauliza, akitazama meza.

Mnyonge hana haki. Barua ya kufutwa kazi ilikuwa imeshachapwa kabla hajaketi. Akapanga vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki. Alipopita dirishani, msichana mgeni alikuwa ameketi kwenye kiti chake.

Hospitali haijarudia namba tena tangu alipolitoa daftari. Mgonjwa wa kwanza wa Jumanne ile alipewa 41,873, inayofuata ile aliyoiandika Peris. Huko Matulo, mke wa Wangila akimlisha mumewe uji, huwaambia wageni jina la aliyemharibia mume, na analitaja lote: Peris Nasike.