Ruhusa ya Kwenda Kupimwa

Nikisikia harufu ya mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, naiona miguu ya mama. Ilikuwa imevimba, ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Jioni nilikuwa nikimkanda, naye amefumba macho, akisema kichwa kinampasuka. Alikuwa na mimba ya miezi saba, mimi nina miaka kumi na miwili, hapo kwetu Munje, na mvua za mwaka ule zilikuwa zimeotesha ukungu hata kwenye mikeka.

Kliniki ilikuwa Msambweni, mwendo wa miguu tu. Kilichokuwa mbali ni ruhusa. Baba alikuwa Taru akinunua mbuzi. Kabla ya kuondoka alinisimamisha mlangoni, akasema mbele ya mama, "Mama yako asitoke bila ya wewe kuridhia. Wewe ndiye mwanamume hapa." Mama hakubisha. Mwaka uliotangulia alikwenda mazikoni bila ya kuaga, akarudishwa kwao miezi mitatu.

Siku ya kliniki jirani yetu, Bi Mwanasha, alikuja kumchukua. Mama akanigeukia. "Bwana mkubwa, naomba ruhusa niende kupimwa."

Bi Mwanasha alicheka mpaka akashika mlango. "Huyu? Juzi tu nilimfuta kamasi kwa leso yangu hii."

Kicheko kile kiliniunguza. "Hapana," nikasema. "Usende mpaka baba arudi."

"Mwanangu, kichwa kinaniuma."

"Nimesema hapana."

Bi Mwanasha alimvuta mkono. Mama akauchomoa, akaingia ndani, akajifunga kitambaa kichwani. Siku nzima nilijiona mkubwa. Nimemlaumu baba miaka mingi, lakini neno lile lilitoka kinywani mwangu, na lilikuwa tamu.

Siku ya tisa, baba hajarudi bado, mama alianguka jikoni akitetemeka, meno yamekaza. Watu wakasema ni pepo. "Pepo gani?" akasema Bi Mwanasha. "Pepo si huyo amesimama hapo." Walimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka hospitali. Mama alirudi. Mtoto alizikwa.

Mama hakunipiga. Tangu siku hiyo aliniomba ruhusa ya kila kitu. "Bwana mkubwa, nichote maji?" "Bwana mkubwa, nikae?" Alisema hivyo mbele ya wageni, mbele ya mke wangu siku ya harusi, na juu ya kitanda alichofia. Husemwa majuto ni mjukuu. Yangu ni pacha, tumezeeka pamoja.

Sasa mwanangu anafanya kazi hotelini Diani, na mkewe anakaa hapa kwangu. Juzi alinipigia simu: "Baba, mke wangu ni mja mzito, anataka kwenda kliniki. Mzuie kwanza, mpaka nije." Nilimtukana matusi ambayo baba hamtukani mwanawe, nikakata simu. Lami imefika, simu zimefika, na ruhusa bado imekaa mlangoni.

Nilipoinua macho, mkwe wangu alikuwa anapita uani, kitabu cha kliniki mkononi.

"Shikamoo baba. Naenda kupimwa."

Hakusimama kungoja. Nilipoitikia marahaba, lango lilikuwa limekwisha kufungwa.